Wei Yu: Mhandisi Aliyeshuka Hadi Darasa la Kwanza

Ukiipitia orodha ya watu walioongoza elimu ya China tangu miaka ya 1980, utaona kwamba waliotoka katika maabara na karakana si haba. He Dongchang, aliyekuwa waziri kati ya 1982 na 1985, alisomea uhandisi wa ndege. Chen Zhili, aliyeishika wizara kuanzia 1998, alisomea fizikia. Zhou Ji, aliyempokea mwaka 2003, ni mhandisi wa mitambo. Na Huai Jinpeng, aliyeteuliwa mwaka 2021, ni mtaalamu wa kompyuta. Wala jambo hilo halikuwa la wizara moja. Jiang Zemin na Zhu Rongji walisomea uhandisi wa umeme, Hu Jintao akasomea uhandisi wa maji, na kwa takriban miongo miwili nchi ile kubwa iliendeshwa na watu ambao ujanani mwao walishika rula na michoro kabla ya kushika mihuri ya serikali.

Mimi, hata hivyo, nimevutiwa zaidi na mtu ambaye hakuwahi kuwa waziri kamili. Jina lake ni Wei Yu, mwanamke, mhandisi wa elektroniki, aliyekuwa naibu wa uongozi wa elimu ya China kuanzia 1993 hadi 2002. Nilisomea umeme kabla ya kuwa mwalimu, na pengine ndiyo sababu safari yake ya kazi imenikaa akilini kuliko safari za mabosi wake. Fundi wa umeme akikuta taa haiwaki, haanzi kwa kuilaumu taa. Huufuata waya nyuma, kiungo baada ya kiungo, mpaka afike mahali umeme ulipokatikia. Kila nikiyasoma maisha ya Wei Yu naona mtu anayeufuata waya kwa namna hiyo hiyo. Cheo chake kilipanda mwaka hadi mwaka, lakini mwanafunzi aliyemshughulisha akawa mdogo zaidi na zaidi: kwanza mtafiti wa uzamili, kisha mwanafunzi wa chuo kikuu, kisha mtoto wa shule ya msingi, na mwishowe mtoto wa miaka mitano wa chekechea.

Alizaliwa mwaka 1940 mjini Guilin, katika Guangxi, kusini mwa China. Wei ndilo jina la ukoo, kwa kuwa Wachina hutanguliza ukoo, na ni jina linalopatikana sana miongoni mwa Wazhuang, kabila lake, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yanayohesabiwa kuwa ya wachache nchini humo. Guilin, mji unaojulikana kwa vilima vyake vya chokaa vilivyochomoza kandokando ya mto Li, ulikuwa wakati huo kimbilio la wasomi na waandishi waliokuwa wakiwakwepa wanajeshi wa Japani, hadi nao ulipotekwa mwaka 1944.

Masomo yake ya juu aliyapata mbali na nyumbani, mjini Nanjing, katika taasisi ya teknolojia iliyokuwa na historia ndefu kuliko jina lake. Mwaka 1952 serikali mpya ilivipangua vyuo vikuu vya nchi nzima kwa kufuata mfano wa Umoja wa Kisovieti: vitivo vya sayansi na fasihi vikapelekwa huku, uhandisi ukapelekwa kule, na vyuo vyenye mchanganyiko wa taaluma vikageuzwa kuwa taasisi za fani moja moja. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Nanjing kikabaki Sipailou, katika eneo la zamani la chuo, chenye ukumbi wake maarufu wenye kuba, na kikaitwa Taasisi ya Teknolojia ya Nanjing. Hapo ndipo Wei Yu alipojifunza uhandisi wa redio. Alihitimu mwaka 1961, akamaliza masomo ya uzamili mwaka 1965, akabaki kuwa mwalimu papo hapo.

Ukiitazama tarehe hiyo ya 1965 utaelewa kilichofuata. Mwaka mmoja baadaye Mapinduzi ya Utamaduni yalianza, mtihani wa kuingia chuo kikuu ukafutwa, na madarasa yakakaa bila wanafunzi wapya kwa miaka. Mhandisi kijana aliyekuwa na miaka 26, umri ambao mtafiti huanza kuonyesha uwezo wake, alijikuta katika nchi ambayo elimu yenyewe ilikuwa imetiwa kwenye mashaka. Mtihani ulirudishwa mwishoni mwa 1977, na watahiniwa wapatao milioni 5.7 wakaugombea, wengi wao wakiwa wametoka mashambani na viwandani. Waliopata nafasi hawakufika laki tatu. Kwa kizazi cha Wei Yu, ambacho tayari kilikuwa na vyeti, mlango uliofunguka ulikuwa mwingine.

Tarehe 23 Juni 1978, akisikiliza taarifa kuhusu Chuo Kikuu cha Tsinghua, Deng Xiaoping, kiongozi mwenye nguvu kuliko wote nchini wakati huo, alisema kwamba wanaopelekwa kusoma ng'ambo waongezwe, na kwamba wanapaswa kuhesabiwa kwa maelfu, si kumi kumi. Kabla ya mwaka huo kwisha, wasomi 52 walikuwa wamekwisha kuondoka Beijing kuelekea Marekani. Wengi wa waliotumwa katika miaka hiyo ya mwanzo hawakuwa vijana. Walikuwa watu wa miaka thelathini na arobaini, wenye familia, walioacha utafiti kwa muongo mzima na ambao sasa walitakiwa kuufukuzia ulimwengu uliokuwa umekwenda mbele bila wao. Ninapowafikiria watu hao huwa najiuliza ni nini kilichowauma zaidi: ugeni wa lugha, au kuingia katika maabara na kukuta kwamba vifaa walivyofundishwa vimekwisha wekwa makumbusho.

Wei Yu alikwenda Ujerumani Magharibi mwaka 1979, akiwa na miaka 39, kwa ufadhili wa wakfu wa Alexander von Humboldt, akaingia katika chuo kikuu cha ufundi cha Aachen. Mwaka 1981 alikuwa amepata shahada ya uzamivu, pamoja na nishani ya Borchers ambayo chuo hicho huwapa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa. China inamhesabu kuwa mwanamke wake wa kwanza kupata shahada hiyo katika elektroniki. Ili uone uzito wa jambo hilo, kumbuka kwamba kanuni za China zenyewe za kutoa shahada zilianza kutumika Januari 1981, na sherehe ya kuwatunuku madaktari 18 wa kwanza waliofundishwa nyumbani ilifanyika Beijing mwezi Mei 1983. Wakati taifa lake lilipokuwa bado linaandika masharti ya shahada hiyo, yeye alikuwa ameshaipata.

Alirudi, na hilo lisichukuliwe kuwa jambo la kawaida. Katika miongo iliyofuata idadi kubwa ya waliotumwa ng'ambo walibaki huko, na suala la kuwarudisha lingekuja kuwa sehemu ya kazi yake serikalini. Mjini Nanjing hakuendelea tu na elektroniki aliyoizoea. Alianza kuiunganisha na biolojia: kutafuta jinsi molekuli zinavyoweza kubeba ishara, na jinsi vyombo vya kielektroniki vinavyoweza kusoma kinachotokea ndani ya kiumbe hai. Fani hiyo ilikuwa changa hata katika nchi tajiri. Katika miaka ya 1980 alianzisha idara ya uhandisi wa tiba na biolojia pamoja na maabara iliyokuja kukua na kuwa moja ya vituo vikuu vya elektroniki ya kibiolojia nchini. Naomba msomaji akiweke akilini kipengele hiki, kwa sababu kitarudi. Mtu anayejiuliza jinsi seli inavyopokea ishara hayuko mbali sana na swali la jinsi ubongo wa mtoto unavyojifunza.

Mwaka 1986 akawa mkuu wa taasisi ile ile iliyomlea, na miaka miwili baadaye ikabadilishwa jina kuwa Chuo Kikuu cha Southeast. Si kila mtu wa nje anaelewa kwa nini jina lilikuwa na maana. Southeast lilikuwa jina la zamani la chuo katika miaka ya 1920, kabla ya kuitwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Kati, na kulirudisha kulikuwa kusema kwamba chuo kinataka kuwa tena mahali pa taaluma nyingi, si karakana ya wahandisi peke yao. Kulikuwa pia kujinasibisha na wahitimu kama Chien-Shiung Wu, mwanafizikia aliyesoma hapo kati ya 1930 na 1934, akahamia Marekani, na ambaye majaribio yake yalithibitisha kwamba maumbile hayaheshimu ulinganifu wa kushoto na kulia kama wanafizikia walivyodhani. Mwaka 1992 chuo kilifungua maabara yenye jina la Wu, na mkuu wa chuo akiwa bado ni Wei Yu. Picha ya wanawake hao wawili, mmoja mwanafizikia mashuhuri na mwingine mhandisi anayeendesha chuo, inanipendeza, ingawa sitaki kuifanya iseme zaidi ya inavyosema.

Mwaka 1993 aliitwa Beijing. Elimu wakati huo haikuwa chini ya wizara. Ilikuwa chini ya Tume ya Taifa ya Elimu, iliyoundwa mwaka 1985 na kurudishwa kuwa wizara mwaka 1998. Wei Yu alikuwa naibu katika vyombo vyote viwili, jumla ya miaka tisa, na mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa Akademia ya Uhandisi ya China, iliyoanzishwa mwaka huo huo. Kwa hiyo alikuwa na miguu miwili, mmoja serikalini na mmoja katika taaluma, hali ambayo China imeikubali kwa wasomi wake wengi na ambayo kwingineko ingeonekana ya ajabu.

Miaka hiyo tisa ilikuwa ya mambo makubwa. Mwaka 1994 ulianza kujengwa mtandao wa kompyuta wa elimu na utafiti, unaojulikana kwa kifupi chake CERNET, kituo chake kikuu kikiwa Tsinghua na vituo vya kanda katika miji kama Shanghai, Guangzhou, Xi'an, Wuhan na Nanjing. Kwa Wachina wengi wa kizazi hicho, barua pepe ya kwanza ilipita katika nyaya hizo. Mwaka 1995 ukazinduliwa mradi wa 211, uliokusudia kuvijenga vyuo vikuu vipatavyo 100 kwa ajili ya karne ya 21. Kuanzia 1998 na 1999 vyuo vinne, Tsinghua, Zhejiang, Hunan na kile cha posta na mawasiliano cha Beijing, vikaruhusiwa kufundisha kwa masafa kupitia mtandao. Na mwaka 1999 milango ya vyuo vikuu ikafunguliwa kwa kishindo: waliopokelewa walipanda kutoka wapatao milioni 1.08 mwaka 1998 hadi karibu milioni 1.6 mwaka uliofuata, na ongezeko halikukoma hapo.

Kuhusu waliokwenda ng'ambo, sera iliyotangazwa mwaka 1993 ilibanwa katika maneno machache: kuunga mkono kusoma nje, kuhimiza kurudi, na uhuru wa kuja na kwenda. Mwaka 1996 likaundwa baraza la ufadhili wa masomo, ili wanaotumwa wachaguliwe kwa ushindani na wafunge mkataba wa kurudi. Ukizingatia kwamba mmoja wa viongozi wa wizara alikuwa mwenyewe amekwenda na kurudi, maneno hayo hayakuwa ya mezani tu. Binafsi naamini sehemu ya tatu, ile ya uhuru wa kuja na kwenda, ndiyo iliyofanya kazi kuliko zile mbili za kwanza, kwani mtu hurudi kwa urahisi zaidi mahali ambapo hazuiwi kutoka.

Haya yote yangetosha kuwa wasifu wa afisa mwema: mtandao, mradi, baraza, takwimu. Lau Wei Yu angestaafu na orodha hiyo mkononi, nisingeandika habari zake. Kilichonifanya niandike ni kwamba, akiwa ndani ya wizara iliyokuwa ikihangaikia vyuo vikuu, alianza kutazama upande wa pili wa waya.

Mwaka 1996 nchini Ufaransa, Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, alianzisha pamoja na wenzake Pierre Léna na Yves Quéré, kwa msaada wa Akademia ya Sayansi ya nchi hiyo, mpango wa kufundisha sayansi katika shule za msingi kwa mikono ya watoto wenyewe. Wazo lilimjia Charpak baada ya kuona kazi ya namna hiyo katika shule za Chicago, iliyoongozwa na mwanafizikia mwenzake Leon Lederman. Wanasayansi wa hadhi hiyo kukaa sakafuni na watoto wa miaka saba lilikuwa jambo geni, na habari zake zilivuka mipaka. Wei Yu alilichukua wazo hilo, akalipa umbo la Kichina, na mwaka 2001 wizara ya elimu pamoja na chama cha sayansi na teknolojia cha China vikazindua mpango ulioitwa Zuo Zhong Xue, yaani kujifunza ndani ya kutenda, kwa watoto wa umri wa miaka mitano hadi kumi na miwili. Majaribio yalianza katika miji ya Beijing, Shanghai, Nanjing na Shantou.

Nieleze kidogo kinachofanyika katika darasa la namna hiyo, kwa sababu jina peke yake linadanganya. Wengi hudhani ni kuwapa watoto vitu wachezee. Tuseme somo ni la vinavyoelea na vinavyozama. Mwalimu anaweka mezani beseni la maji, jiwe, kipande cha ubao, mshumaa na donge la udongo wa kufinyangia. Kabla ya yeyote kugusa maji, kila mtoto anatakiwa aseme anachodhani kitatokea, na kukiandika au kukichora katika daftari lake. Hatua hiyo haiwezi kurukwa. Mtoto aliyeandika kwamba mshumaa utazama, kisha akauona ukielea, ana swali lake mwenyewe kichwani. Mtoto aliyeonyeshwa tu mshumaa unaoelea hana kitu. Baada ya hapo wanajaribu, wanaandika walichokiona, wanabishana. Ndipo mwalimu anawaomba walichukue lile donge lililozama na kulifinyanga kama bakuli, nalo linaelea, uzito wake ukiwa ule ule. Mabishano yanaanza upya, na sasa ni ya kweli, kwa sababu jibu la "kizito kinazama" limevunjika mbele ya macho yao.

Mhandisi ataitambua mara moja njia hiyo. Unakadiria, unajaribu, unaandika vipimo, unalinganisha na makadirio, unarekebisha. Hakuna la ajabu ndani yake, isipokuwa kwamba shule nyingi duniani huikwepa mpaka mwanafunzi afike chuo kikuu, ndipo zimshangae kwamba hajui kuuliza. Nimewahi kuwa na wanafunzi walioweza kuandika sheria ya Ohm, ile inayounganisha volti, mkondo na ukinzani wa umeme, katika maumbo yake yote matatu lakini wakapewa betri, waya na balbu ndogo wakashindwa kuiwasha. Kosa halikuwa lao, na kwa muda mrefu sikujua lilikuwa la nani.

Wapo waliouona mpango ule kuwa bidhaa ya Ufaransa iliyoletwa China. Hapo nadhani wameisahau historia ya Nanjing yenyewe. Tao Xingzhi, mwanafunzi wa John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifundisha katika shule ya juu ya ualimu ya Nanjing, ambayo mwaka 1921 ikawa ndiyo Chuo Kikuu cha Southeast cha awali, pale pale Sipailou ambapo Wei Yu angekuja kusoma redio. Dewey mwenyewe alikaa China kati ya 1919 na 1921. Mwaka 1927 Tao alifungua shule ya ualimu huko Xiaozhuang, nje ya mji, ambako kufundisha, kujifunza na kutenda vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Hata jina lake alilibadilisha kwa imani hiyo: mwanzo alijiita Zhixing, kujua ndipo kutenda, kisha akaligeuza likawa Xingzhi, kutenda ndipo kujua. Mtu anayebadilisha mpangilio wa silabi mbili katika jina lake ili lilingane na alichojifunza ana ukaidi wa aina yake. Kwa hiyo wazo lililotoka Paris lilikuta Nanjing udongo uliokwisha kulimwa.

Wei Yu aliondoka wizarani mwaka 2002, akiwa na miaka 62. Kwa desturi, afisa wa cheo hicho hupewa kiti cha heshima katika chama au baraza fulani, huhudhuria ufunguzi wa mikutano, huandika dibaji. Yeye alirudi Southeast na kuanzisha kituo cha utafiti wa sayansi ya kujifunza. Hapo ndipo vipande vya maisha yake vilipokutana: elektroniki, biolojia, na mtoto aliyeko darasani. Kituo kilichunguza jinsi ubongo unavyokua, jinsi hisia na mahusiano ya mtoto yanavyogusa uwezo wake wa kufikiri, na jinsi maarifa hayo yanavyoweza kumfikia mwalimu wa kawaida bila kugeuzwa kuwa uganga. Kazi hiyo ilizaa maabara inayotambuliwa na wizara, inayohusika na makuzi ya mtoto na sayansi ya kujifunza. Katika mpango wa Zuo Zhong Xue aliingiza pia malezi ya hisia na ya kuishi na wenzake, jambo ambalo toleo la Kifaransa halikulipa nafasi kubwa hivyo. Mwaka 2009 alikuwa mmoja wa wataalamu wachache kutoka nchi mbalimbali waliokutana Uskoti, kando ya ziwa Lomond, kujadili ni mawazo gani makuu ya sayansi ambayo kila mtoto anapaswa kumaliza shule akiwa nayo, na baadaye alihakikisha kazi yao inasomeka kwa Kichina.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Shule ya msingi ya China imejengwa juu ya lugha na hisabati, kwa kuwa ndizo zinazomwandaa mtoto kwa mitihani itakayompeleka mpaka gaokao, ule mtihani wa Juni unaoamua nani aende chuo gani. Sayansi ilihesabiwa kuwa somo la pembeni, mara nyingi likifundishwa na mwalimu wa somo lingine aliyebakiwa na nafasi katika ratiba yake. Darasa la watoto arobaini au zaidi haligawanyiki kirahisi katika vikundi vinavyomwaga maji. Na mzazi anayejua kwamba mwanawe atashindana na mamilioni haoni haraka kwa nini mtoto atumie kipindi kizima kubishana kuhusu donge la udongo. Katika hili mhandisi aliyekuwa naibu waziri hakuwa na nguvu kubwa kuliko mwalimu mwingine yeyote. Miji iliyokuwa na viongozi walioamini ilisonga mbele, na mingine ilibaki na kibao cha mradi ukutani.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitokea katika mtaala wenyewe. Mageuzi ya 2001 yalilibadilisha somo la zamani lililoitwa Maumbile, likawa Sayansi, na hayo yalikuwa maendeleo. Lakini mageuzi hayo hayo yaliliweka lianze darasa la tatu. Yaani mwaka ule ule ambao wizara ilizindua mpango wa watoto wa miaka mitano, ilikubali pia kwamba mtoto wa miaka sita na saba hana haja ya sayansi katika ratiba. Sijui neno jingine la kuita hali hiyo zaidi ya kusema mkono wa kulia haukuutazama wa kushoto. Wei Yu alikuwa mmoja wa sauti zilizodai, kwa miaka mingi na kwa ushahidi wa tafiti za ubongo, kwamba miaka hiyo ya mwanzo ndiyo isiyopaswa kuachwa, kwa sababu mtoto huja shuleni akiwa tayari na nadharia zake kuhusu dunia, na kadiri zinavyokaa bila kuguswa ndivyo zinavyozidi kuwa ngumu kuzing'oa.

Kiwango kipya cha mtaala wa sayansi wa shule za msingi kilitolewa mwaka 2017, kikaanza kutumika msimu wa vuli wa mwaka huo, na kikairudisha sayansi darasa la kwanza: angalau kipindi kimoja kwa wiki kwa madarasa mawili ya mwanzo. Wei Yu alikuwa na miaka 77. Watoto walioketi katika vipindi hivyo vya kwanza walikuwa wamezaliwa kati ya 2010 na 2011, nusu karne baada ya yeye kuhitimu uhandisi wa redio kule Sipailou.